Pongezi kwa Treni Inayosimama Kibwezi

Katika reli ya SGR ya Nairobi hadi Mombasa, treni ninayoipongeza kwa dhati ni ile inayosimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Ile ya moja kwa moja, iliyoanza 2017, huwahi Mombasa kwa takriban saa tano, lakini Kibwezi huipita tu. Hii ya vituo hukawia zaidi, na bado inamfaa mama wa Kibwezi anayekwenda kumwona mwanawe Mombasa. Anajua saa ya kuondoka na ya kufika. Hapishani na malori ya barabara kuu, ananyoosha miguu apendapo, anakwenda msalani bila kumwomba dereva asimame, na dirishani anaitazama Tsavo yote, pengine na tembo wake.

Wapo watakaosema matatu humfuata abiria alipo, nao wana hoja. Treni hii hupita mara moja kwa siku kila upande, na ikishafika Miritini, stesheni yake ya mwisho, bado kuna nauli nyingine ya kuingia mjini. Makindu, mji wa reli ya zamani ambako Masingasinga walijenga hekalu linalowalisha wasafiri hadi leo, umerukwa. Kaunti jirani ya Kitui nayo haina reli kabisa. Msafiri wa Ikutha au Mutomo, huko Kitui Kusini, hana budi kushuka kwa barabara hadi Kibwezi. Lakini hizo ni kasoro za ratiba na za namna ya kufikia stesheni, na zinarekebishika: matatu za Mutomo zikipangwa kuiwahi treni, Kitui Kusini nayo itakuwa na stesheni yake.