Kuhesabu Madoa

Mgonjwa wa virusi vya West Nile anapofikishwa hospitali, homa imepanda na maneno yamemvurugika, mara nyingi virusi vyenyewe vimeshatoweka kwenye damu. Kwa farasi ni hivyo hivyo: miguu ya nyuma inapoanza kuyumba, damu haina tena cha kuonyesha isipokuwa kingamwili.

Na kingamwili zinaweza kupotosha, maana virusi hivi vina ndugu. Viligunduliwa mwaka 1937 katika damu ya mwanamke mwenye homa, wilaya ya West Nile, Uganda, na ni vya ukoo mmoja na homa ya manjano, dengue na virusi vya St. Louis vya Marekani. Kipimo cha haraka huweza kumtaja ndugu badala ya mwenyewe. Ndivyo ilivyotokea New York mwaka 1999: vipimo vya kwanza vilielekeza kwa St. Louis, huku kunguru wakifa ovyo mitaani. Tracey McNamara, daktari wa wanyama katika bustani ya wanyama ya Bronx, hakuridhika, kwa kuwa virusi vya St. Louis havina kawaida ya kuua ndege. Sampuli zake zilisaidia kufichua ukweli.

Ndiyo maana nakiheshimu kipimo kimoja cha zamani, kisichotumia mashine ya kifahari, kinachotaka kingamwili na virusi hai vikabiliane ana kwa ana.

Seramu ya damu ya mgonjwa au farasi hupashwa moto nyuzi 56 kwa nusu saa, kisha huzimuliwa: 1 kwa 10, 1 kwa 20, 1 kwa 40, na kuendelea. Kila kiwango huchanganywa na virusi takriban mia moja na kuachwa kwenye joto la mwili kwa saa moja. Kisha mchanganyiko humwagwa juu ya seli za figo za tumbili, zilizotandaa tabaka moja jembamba chini ya kisima cha plastiki. Hapa ndipo mkono wa fundi unapoonekana. Anaiegemeza ncha ya pipeti ukutani mwa kisima na kuachia tone kwa tone. Akiharakisha, seli zinabanduka na kazi ya juma zima imeharibika. Yote haya anayafanya kwa glavu mbili, ndani ya kabati la usalama. Juu anafunika kwa jeli, ili kirusi kisisafiri mbali na kiishie kuua majirani zake tu.

Siku kadhaa baadaye anatia rangi. Seli hai hushika zambarau. Palipofia seli panabaki doa jeupe la mviringo, na kila doa lilianza na kirusi kimoja. Anahesabu. Pasipo kingamwili, madoa ni kama mia. Yakipungua hadi kumi au chini ya hapo, seramu imevidhibiti virusi.

Kisha anarudia kazi yote kwa virusi vya ndugu. Seramu ikizuia West Nile hadi 1 kwa 320, na St. Louis hadi 1 kwa 20 tu, jina limepatikana. Tofauti isipofika mara nne, hataji kirusi chochote. Anaandika ukoo tu, anauliza kama mgonjwa au farasi aliwahi kuchanjwa, na kuomba damu nyingine baada ya wiki mbili au tatu.