Faili Halidanganyi: Tumezijaribu Programu za Kukagua Beji za Glaida

Wapenda anga wa Rongai, Kitengela na Kajiado, leo nina habari moto! Kazi ya kukagua beji za glaida, iliyokuwa ikihitaji kamera, filamu, ngoma ya karatasi iliyopakwa masizi na subira ya wiki kadhaa, sasa inafanyika kwenye kompyuta ya kawaida kabla chai haijapoa. Nimezishika programu mbili, IGC Shell na XCSoar, nikazibana kwa maswali ya kila aina, na furaha niliyo nayo siwezi kuificha. Neno langu ni hili: rubani wa Kajiado akileta faili safi, madai yake yana uzito uleule wa madai ya rubani wa Ujerumani. Si lazima ajulikane, wala si lazima awe na mtu mkubwa wa kumsemea. Faili linamsemea.

Nianze na wale ambao glaida kwao ni jambo geni. Hii ni ndege inayoruka bila nguvu ya injini. Huvutwa juu na ndege nyingine au kwa winchi, ikaachiwa, kisha rubani hutafuta hewa ya joto inayopanda na kuzunguka ndani yake ili apate kimo. Ukiwatazama tai wakizunguka juu ya mbuga za Kajiado jua la mchana linapowaka, umeiona kazi yenyewe. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, hutoa beji kwa marubani hawa. Beji ya Fedha hutaka safari ya kilomita 50, saa tano angani na kupanda mita 1,000. Dhahabu hutaka kilomita 300, saa tano na mita 3,000. Kisha kuna Almasi tatu: kilomita 500, lengo la kilomita 300 lililotangazwa kabla ya kuruka, na kupanda mita 5,000. Wawili wa kwanza kupata beji ya Fedha, mwaka 1931, walikuwa Wolf Hirth wa Ujerumani na Robert Kronfeld wa Austria.

Juu ya beji kuna rekodi, na hapo ndipo moyo unapodunda! Mwaka 1972 Hans-Werner Grosse aliruka zaidi ya kilomita 1,460 kutoka Lübeck, Ujerumani, hadi Biarritz, Ufaransa. Mwaka 2003 Klaus Ohlmann alipita kilomita 3,000 akifuata milima ya Andes kule Argentina. Mwaka 2018 glaida ya Perlan 2 ilipanda zaidi ya kilomita 22 kwenda juu. Mtu akikuletea habari kama hizo, swali la kwanza ni moja tu: ushahidi uko wapi?

Zamani ushahidi ulikuwa kazi

Kwa miaka mingi rubani alibeba kamera na kupiga picha kila pahali alipogeukia. Filamu iliwasilishwa nzima, bila kukatwa, ili wakaguzi waone mfuatano wa picha. Kimo kilichorwa na barografu, kifaa chenye ngoma inayozunguka na sindano inayokwaruza mstari kadiri shinikizo la hewa linavyobadilika. Mkaguzi alikaa na ramani, rula na kioo cha kukuzia, akilinganisha kona ya barabara kwenye picha na kona ya barabara kwenye ramani.

Katikati ya miaka ya 1990 mambo yakageuka. Kamisheni ya glaida ya FAI, IGC, ilikubali vinasa safari vinavyotumia setilaiti, ikaweka muundo mmoja wa faili kwa watengenezaji wote. Muundo huo ndio unaotumika mpaka leo, na ndio chanzo cha furaha yangu yote.

Mstari mmoja unasema yote

Faili la IGC ni maandishi matupu. Lifungue kwa programu yoyote ya kuandikia, utakuta mistari kama huu niliouunda kwa mfano wa Kitengela:

B0912350128000S03657000EA0182001905

Usiogope! Herufi B ni alama ya nukta ya safari. Tarakimu sita zinazofuata ni saa ya dunia, 09:12:35, yaani kwetu saa sita na dakika 12 mchana. Kisha latitudo: nyuzi 1 na dakika 28 kusini. Kisha longitudo: nyuzi 36 na dakika 57 mashariki. Herufi A inasema setilaiti zilitosha kutoa kimo pia. Kama zisingetosha, ingekuwa V. Mwisho kuna vimo viwili, mita 1,820 kwa shinikizo la hewa na mita 1,905 kwa setilaiti. Vinatofautiana, na ni sawa vitofautiane, kwa kuwa vipimo ni viwili na kila kimoja kina hesabu yake. Mistari kama hii hujipanga kila baada ya sekunde chache, tangu kuruka hadi kutua. Safari nzima iko pale, inasomeka kwa macho!

Juu ya faili kuna tarehe, jina la rubani, aina ya glaida na namba ya kinasa. Mistari inayoanza na C hubeba tangazo la safari: rubani alisema ataanzia wapi, atageukia wapi na atamalizia wapi, pamoja na saa alipotangaza. Chini kabisa, mistari ya G hubeba sahihi ya kidijitali. Hapo sasa ndipo IGC Shell inapoingia.

Jaribio la kwanza: nibadili tarakimu moja

IGC Shell hutolewa bure na FAI. Unaiweka kwenye kompyuta ya Windows, kisha unaongeza faili dogo la kila mtengenezaji wa kinasa, maana kila mmoja ana ufunguo wake. Unachagua faili la safari, unabonyeza kitufe cha kuthibitisha, na jibu linakuja papo hapo: sahihi ni halali au si halali. Basi. Na haihitaji intaneti wakati wa kukagua, jambo ambalo sisi tunaohesabu bando tunalipokea kwa mikono miwili.

Nilichukua faili halali, nikatengeneza nakala, nikabadili tarakimu moja tu katika kimo cha mstari mmoja kati ya maelfu. Mita kumi zimeongezeka, nani angeziona kwa macho? Nikabonyeza. Ikakataa! Nikairudisha tarakimu ile ilivyokuwa, ikakubali tena. Nawaambia, nilisimama kitini. Sahihi hukokotolewa kutokana na mistari yenyewe, kwa siri iliyofungwa ndani ya kinasa, hivyo ukigusa nukta moja hesabu nzima haioani tena.

Hapa chukua tahadhari moja. Faili asilia lisifunguliwe na kuhifadhiwa upya na programu nyingine. Fanya kazi na nakala, asilia liache kama lilivyotoka kwenye kinasa.

Jaribio la pili: safari za nyumbani

Sahihi halali haimaanishi beji imepatikana. Inabaki kupima safari yenyewe, na XCSoar inafanya kazi hii kwa namna itakayokupendeza. Ni programu huria, msimbo wake uko wazi, hulipi senti, na inafanya kazi kwenye simu ya Android, hata kwenye kifaa cha kusomea vitabu cha Kobo. Inacheza upya faili la IGC ukaiona glaida ikitembea kwenye ramani, inachora kimo chote cha safari, na ina aina maalumu ya safari inayofuata kanuni za beji na rekodi za FAI.

Nikaipangia njia zetu. Kitengela hadi mji wa Kajiado, mstari ulionyooka: kama kilomita 46. Haitoshi kwa Fedha! Kilomita nne tu zinakunyima beji, na programu haina huruma. Sogeza mwisho hadi Bisil, umezipita 50 kwa nafasi nzuri. Kitengela hadi Namanga na kurudi ni takriban kilomita 240, kwa hiyo mwenye kuitaka Dhahabu bado anadaiwa 60. Haya ni mambo ya kujua Ijumaa jioni ukiwa mezani, si Jumamosi saa tisa ukiwa umeshatua kwenye boma la watu.

Sasa sikilizeni kisa cha Magadi, maana hapa programu ilinifundisha kuitazama nchi yetu upya. Kutoka Rongai hadi mji wa Magadi ni kama kilomita 76 kwa mstari ulionyooka, mbali kuliko Fedha inavyotaka. Lakini kanuni za IGC husema hivi: kwa safari isiyozidi kilomita 100, kimo unachopoteza kati ya kuanza na kumaliza kisizidi asilimia moja ya umbali. Asilimia moja ya kilomita 76 ni mita 760. Milima ya Ngong inafika mita 2,460, na Magadi iko chini Bonde la Ufa, kwenye mita 600 hivi. Ukiachiwa juu ya Rongai kwenye mita 2,300 kutoka usawa wa bahari ukaenda kutua Magadi, umepoteza mita 1,700. Safari imekataliwa!

Na imekataliwa kwa haki. Beji hupima ustadi wa kutafuta hewa inayopanda, na hapo bonde lenyewe limekubeba zaidi ya nusu ya njia. Rubani anayetaka Fedha upande huo lazima amalize safari yake angali juu, mwisho alioutangaza aupite akiwa na kimo cha kutosha. Kwa safari ndefu zaidi ya kilomita 100 kikomo ni mita 1,000, na XCSoar ina kitufe cha kanuni hiyo: ukikiwasha, inakuonyesha kimo cha chini kabisa unachoruhusiwa kumalizia. Kwa anayeruka kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, kitufe hicho kina thamani ya dhahabu.

Je, injini?

Glaida nyingi za siku hizi zina injini ndogo ya akiba. Tutajuaje kwamba haikuwashwa katikati ya safari? Kinasa kilichoidhinishwa husikiliza kelele na kuziandika kwa tarakimu tatu baada ya vimo katika kila mstari wa B, kutoka 000 hadi 999 (katika mfano wangu wa juu niliziacha). Ukiperuzi faili unaona namba ndogo ndogo za upepo, halafu injini ikiguswa zinaruka juu ghafla. Imeandikwa, imetiwa sahihi, haipingiki.

Panapopungua

IGC Shell ina sura ya Windows ya zamani na maneno machache. Mgeni anaweza kukwama kwenye kuchagua faili la mtengenezaji sahihi. Dawa ni kutazama mstari wa kwanza wa faili, unaoanza na A na kufuatwa na herufi tatu za mtengenezaji, kama LXV kwa LXNAV au FLA kwa Flarm. XCSoar nayo ina menyu nyingi, na inataka jioni moja ya utulivu. Mwenye pesa anaweza kuongeza SeeYou ya kampuni ya Naviter, Slovenia, yenye uchambuzi wa kina zaidi.

Tena programu haijui ni nani aliyeketi kwenye kiti. Kazi hiyo inabaki kwa mwangalizi rasmi, binadamu aliyemwona rubani akipanda na akashuhudia kinasa kikitolewa. Naupenda mgawanyo huu: mashine inapima, mtu anashuhudia, na wote wawili wanatia sahihi.

Ni za nani?

Programu hizi ni za kila anayeruka au anayetamani kuruka. Nchi yetu ina historia ya anga: Aero Club of East Africa ya uwanja wa ndege wa Wilson ilianzishwa mwaka 1927, Mweiga karibu na Nyeri panajulikana kwa glaida, na Bonde la Kerio huvuta marubani wa paraglaida, ambao vyombo vyao hutoa mafaili haya haya ya IGC. Hapa kwetu Kajiado tuna Orly Airpark na ndege zake ndogo.

Lakini wanaonijia akilini zaidi ni vijana wa Rongai wanaosoma kompyuta. Muundo wa IGC umechapishwa wazi na FAI, na msimbo wa XCSoar uko mbele yenu. Mnaweza kuandika kikaguzi chenu, kwa Kiswahili, kinachomwambia rubani: "Umbali umetosha, kimo ulichopoteza kimezidi, rudia." Mradi wa muhula mmoja huo, na utatumika duniani kote!

Hukumu yangu: pakueni zote mbili wikendi hii. Pangeni njia ya Kitengela hadi Bisil, mpime asilimia moja yake, kisha mtafute rubani yeyote mwenye kinasa mumwombe nakala ya faili lake. Bonyezeni kitufe cha kuthibitisha, muone wenyewe.