Thumuni ya Hamdani: Hadithi ya Paa katika Kiingereza cha Wanafunzi

Vitabu vya kusomea vinavyotungwa kwa ajili ya watu wanaojifunza Kiingereza hupenda sana mambo matatu: mila za watu, hazina za kale, na matendo ya hisani. Sababu yake si ngumu kuiona. Mila humpa mwanafunzi picha, hazina humpa hamu, na hisani humpa funzo ambalo hapana mzazi wala mwalimu atakayelikataa. Zaidi ya hayo, mambo haya yaweza kusimuliwa kwa maneno machache. Tangu Michael West alipotoa mwaka 1953 orodha yake ya maneno yapatayo 2,000 ya Kiingereza yaliyo ya lazima zaidi kwa mwanafunzi, watungaji wengi wamezoea kuipima kazi yao kwa orodha za namna hiyo. Na hadithi ya maskini aliyetendewa wema huingia katika kipimo hicho bila taabu.

Swali la makala haya ni hili: hadithi ya Kiswahili iliyo na mambo hayo matatu ikivushwa na kutiwa katika Kiingereza chepesi, ni kitu gani kinachofika ng'ambo, na ni kitu gani kinachozama njiani? Ili nisiseme kwa jumla mno, nimechagua hadithi moja tu, ile ya Hamdani na paa wake, ambayo kwa zaidi ya miaka mia moja imesomwa kwa Kiingereza na watoto wasiopata kuiona Unguja.

Hadithi hiyo ilipigwa chapa London mwaka 1870, katika kitabu cha Edward Steere cha ngano za Kiswahili alizozikusanya kwa wasimulizi wa Unguja. Huko imepewa jina la Sultani Darai. Steere alipanga maneno ya Kiswahili upande mmoja na tafsiri ya Kiingereza upande wa pili, ili msomaji aweze kuona kila mara tafsiri imetoka wapi. Miaka 31 baadaye, mwaka 1901, hadithi ile ile ilitokea mara mbili katika vitabu vya watoto. London, Andrew Lang aliitia katika kitabu chake cha ngano chenye jina la rangi ya zambarau, katika mfululizo ambao sehemu kubwa ya kazi yake ya kutafsiri na kuandika ilifanywa na mkewe, Leonora Alleyne. Chicago, George W. Bateman aliitia katika mkusanyo wake wa ngano za Unguja, akaiita kwa jina la Hamdani mwenyewe. Haki za kuvipiga chapa vitabu hivi zimekwisha zamani, hivyo kila atakaye aweza kuinakili hadithi, kuifupisha na kuirahisisha. Basi makosa ya mwaka 1901, kama yapo, ni urithi wa mwanafunzi wa leo.

Yafaa kwanza niikumbushe hadithi kwa ufupi. Hamdani ni fukara anayefukua jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja aokota sarafu ndogo, na kwa sarafu hiyo amnunua paa. Watu wamwona mpumbavu: hana chakula chake mwenyewe, naye ameongeza kinywa cha pili. Lakini paa huyo ni msemaji. Akienda malishoni aona almasi. Haili fedha yake, bali aipeleka kwa sultani wa nchi ya mbali kuwa zawadi kutoka kwa bwana wake, ambaye humwita Sultani Darai. Kwa hila na adabu ampatia bwana wake nguo, mke wa kifalme, na hatimaye nyumba ya fahari iliyokuwa ya nyoka mwenye vichwa saba, ambaye paa mwenyewe amwua. Kisha paa augua. Bwana wake hamwendei. Aamuru apewe uji wa mtama mwekundu, akisema kuwa mnyama huyu alimnunua kwa thumuni tu. Paa afa kwa huzuni, na mzoga wake watupwa kisimani. Binti wa sultani, aliyejaribu kumtunza mgonjwa, ampelekea baba yake habari, nao wamwombolezea. Usiku mke aota yuko kwao, naye aamka yuko kwao kweli. Mume aota yuko jaani, naye aamka yumo jaani, anafukua.

Msomaji wa Ulaya akifika katikati ya hadithi hii humkumbuka paka aliyevaa viatu, katika kitabu cha Charles Perrault cha mwaka 1697. Mfano ni wa kweli: yupo maskini, yupo mnyama mwerevu, yapo majina ya uongo, zipo nguo za kifalme, na yupo adui mwenye jumba anayeuawa. Lakini Perrault anakoma pale ambapo Mswahili ndipo kwanza anapoanza. Paka wa Perrault awa bwana mkubwa, akawinda panya kwa kujifurahisha tu. Msimulizi wa Unguja hakutosheka na utajiri wa Hamdani. Alitaka kujua Hamdani atafanya nini nao. Kwa hiyo anayeisoma hadithi ya paa kama ndugu mdogo wa hadithi ya paka ameusoma mlango akaiacha nyumba.

Sasa tuitazame sarafu. Thumuni ni neno lililotoka katika Kiarabu, maana yake sehemu moja ya nane. Hapa ni sehemu ya nane ya riale. Wasemaji wa Kiswahili waliendelea nalo hata baada ya riale kuondoka, na mpaka zama za shilingi sumni ikawa ni senti hamsini. Katika hadithi neno hili lina kazi ya ukumbi na ya paa la nyumba: kwalo twaingia, na kwalo nyumba yaanguka. Sarafu iliyomwokoa Hamdani ndiyo hiyo hiyo anayomtukania mwokozi wake.

Lang alilihifadhi neno kwa tafsiri ya moja kwa moja: sarafu ndogo ya fedha iitwayo sehemu ya nane. Hii ni amana njema, lakini mtoto wa Kiingereza hana mfukoni sarafu ya namna hiyo, wala hajui yaweza kununua nini. Bateman alifanya lililoonekana la ujasiri zaidi: aliifanya thumuni kuwa “dime”, sarafu ya Kimarekani iliyo sehemu ya kumi ya dola. Mwanahistoria atakasirika, kwa kuwa hesabu imeharibika na Unguja imehamia Chicago. Mimi kwa upande wangu namtetea Bateman. Mtoto wa Marekani ajua dime ni kitu kidogo kiasi gani. Kwa hiyo tusi la Hamdani linapomfikia, linamchoma. Lang alihifadhi neno, Bateman alihifadhi uchungu wake. Katika hadithi ya hisani, uchungu ni mkubwa kuliko hesabu.

Lakini Bateman huyo huyo aliandika majina ya Kiswahili kwa namna ya kumsaidia msomaji wa Kimarekani kuyatamka, akizidisha herufi na kutia alama za mkazo: Hamdani akawa Haamdaanee, na paa akaitwa Keejeepaa. Kwa watoto wake hapana lawama. Ila kijana wa kidato cha kwanza wa Tanzania anayefundishwa Kiingereza kwa nakala ya kitabu hicho aliona neno la nyanyake limevaa nguo ya mgeni, naye aweza kupita karibu nalo asilisalimie. Jambo kubwa zaidi ni kwamba jina lenyewe limekufa ganzi. Katika Kiswahili kiambishi cha kudogosha kina makali pande mbili. Kijipaa chaweza kuwa kipenzi cha mtu, na chaweza kuwa kitu duni kisichostahili hata uji wa mchele. Hadithi nzima ni safari ya kutoka maana ya kwanza hadi ya pili katika moyo wa Hamdani. Bateman amweleza msomaji kuwa jina maana yake ni paa mdogo. Baada ya hapo jina labaki kuwa jina tu, na ile safari haionekani tena.

Nafika sasa kwenye neno ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lenye kiini cha hadithi. Paa humwita Hamdani bwana. Kiingereza humpa mfasiri “master”, nalo si kosa. Lakini mbele ya mnyama, “master” katika masikio ya mtoto wa Kiingereza ni mwenye mbwa au mwenye paka. Basi uhusiano wote wageuka kuwa wa mtu na mnyama wake wa nyumbani, na mazoezi ya mwisho wa somo huuliza kama ni vizuri kuwatendea wanyama wema. Swali hilo ni jema, lakini silo swali la hadithi hii.

Katika Kiswahili, bwana ni mume; bwana ni mtu wa heshima; bwana ni mwenye mtumwa. Mke wa Hamdani na paa wa Hamdani wana neno moja la kumtaja mtu mmoja, na mtu huyo awapoteza wote wawili. Kiingereza cha kawaida hulazimika kuligawa neno hilo mafungu, na kwa kuligawa hukata uzi unaowafunga mke na paa pamoja. Tena tukumbuke hadithi hii ilikusanywa wapi na lini. Steere alifika Unguja mwaka 1864, wakati watu walikuwa wakinunuliwa sokoni katika mji huo huo. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na palipokuwa soko likajengwa kanisa kuu ambalo Steere mwenyewe, aliyekuwa Askofu tangu mwaka 1874, alilisimamia. Utumwa haukuondolewa nguvu yake ya kisheria katika Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897. Msikilizaji wa mwaka 1865 aliposikia tajiri akisema juu ya mgonjwa wa nyumba yake, “huyu nalimnunua kwa bei kadha,” hakuwa na haja ya kufikiri sana juu ya wanyama. Sisemi kwamba msimulizi alikusudia fumbo la utumwa na kulificha ndani ya ngozi ya paa. Hatuna njia ya kuuliza nia yake. Nasema tu kwamba maneno aliyoyatumia ndiyo yaliyotumika juu ya watu, na kwamba wasikilizaji wake walikuwamo walionunua na walionunuliwa.

Tukiisoma hivyo, tutaona kuwa funzo lake si hisani ya mwenye nguvu kwa mnyonge. Ni kinyume chake. Mtenda hisani ni yule aliyenunuliwa. Mpokeaji ni yule aliyenunua. Jina la Sultani Darai halikuwa la Hamdani. Lilitolewa na paa, na paa alipokufa likaondoka pamoja naye. Bei ya mtu haimpimi mtu, na anayeitaja bei ya mfadhili wake huwa ametaja thamani yake mwenyewe. Ndiyo maana arudi jaani: hakupewa adhabu, alirudishiwa hesabu yake.

Hapa ndipo umaskini wa neno moja la Kiingereza unapodhihirika. Kiswahili kina wema, hisani, fadhila, jamala, ukarimu na utu, na kila moja lina mahali pake. Ukarimu una mgeni mbele yake. Fadhila ina deni ndani yake, na methali ya punda na mateke yatuonyesha kuwa deni hilo laweza kulipwa kwa ubaya. Utu ndio unaobaki hata pasipo deni. Wanaoagiza “tenda wema nenda zako” wanajua kuwa fadhila haidaiwi. Lakini hadithi ya Hamdani yaongeza kwamba asiyeikumbuka hupotewa na utu wake. “Kindness” yafunika yote haya kama kanga moja iliyofunika watoto sita. Na ajabu ni kwamba neno hilo nalo lina asili moja na neno la ukoo na jamaa: Waingereza wa kale waliuhesabu wema kuwa ni haki ya mtu wa kwao, kama sisi tulivyoutoa utu katika mtu. Mwalimu akilijua hilo, aweza kuzipatanisha lugha mbili mbele ya wanafunzi wake badala ya kuiacha moja imezwe na nyingine.

Sitaki nionekane kuwahukumu wafasiri wawili kwa kosa la kuandikia watoto. Bateman alikihifadhi hata kituo cha hadithi cha Kiswahili, ile desturi ya msimulizi kuwagawia watu wote uzuri wa hadithi na kuibeba mwenyewe lawama yake. Hiyo nayo ni hisani. Lawama yangu ni juu yetu tunaozitwaa kazi zao leo na kuzipunguza mara ya pili, tukiona haya kumwachia mwanafunzi neno gumu.

Ninapendekeza mambo matatu kwa yeyote atakayeitengeneza tena hadithi hii kwa wanaojifunza Kiingereza. Kwanza, turudi kwenye desturi ya mwaka 1870, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande wa pili, ili kijana atazame kwa jicho lake. Pili, maneno thumuni na bwana yaachwe kama yalivyo ndani ya Kiingereza, yakiwa na maelezo mafupi. Lugha iliyokwisha kulipokea neno safari haitashindwa na hayo. Tatu, swali la mwisho wa somo lisiwe kama wanyama wapendwe. Mwanafunzi aulizwe: Hamdani alipotaja thumuni, alikuwa anataja bei ya nani? Akiweza kulijibu swali hilo kwa Kiingereza, hata kwa sentensi yenye makosa, atakuwa amejifunza lugha ya watu bila kupoteza hazina ya kwao.