Mwendo wa Ufa

Wahenga walituusia tuzibe ufa, tusije tukajenga ukuta. Ndani ya injini ya ndege usia huo haufuatiki, kwa maana ufa ukishaota katika diski ya turbini hauzibiki tena. Kinachobaki ni kuujua mwendo wake, na wapo mafundi ambao hiyo ndiyo kazi yao.

Huchukua kipande cha aloi ya nikeli, wakakitia chale, wakakipasha moto hadi nyuzi 650. Mashine hukivuta na kukiachia, mara maelfu kwa maelfu, nao wakipima ufa unavyosogea. Mwaka 1961 mhandisi Paul Paris na wenzake wawili walionyesha kwamba hatua ya ufa kwa kila mvuto hutegemea mkazo unaopanda na kushuka kwenye ncha yake. Majarida makubwa yalilikataa andiko lao. Jarida la wahandisi la Chuo Kikuu cha Washington ndilo lililolichapisha.

Joto huitatiza hesabu hiyo. Mvuto ukishikiliwa kwa muda kabla ya kuachiwa, oksijeni hupenya mipaka ya chembe za metali na kuidhoofisha, na ufa hukimbia humo. Hivyo fundi hahesabu mivuto peke yake. Huhesabu na dakika.

Tarehe 28 Oktoba 2016, Boeing 767 ilikuwa ikishika kasi ipae kutoka O'Hare, Chicago, diski ya turbini ilipopasuka katika injini ya kulia. Kipande kimoja kilitoboa bawa na kuangukia ghala lililokuwa karibu mita 900 kutoka hapo. Rubani alifunga breki. Watu wote 170 walitoka hai, moto ukiwaka. Wachunguzi waliusoma uso wa mpasuko kwa hadubini, wakaufuata ufa hadi chanzo chake: doa lililojificha ndani ya aloi tangu ilipoyeyushwa. Diski hiyo ilikuwa imeruhusiwa safari 15,000. Ilivunjika baada ya takriban 11,000. Wakapendekeza diski za namna hiyo zipimwe kwa mawimbi ya sauti, ambayo hufika ndani zaidi ya macho.

Fundi mwenye busara huanza kwa kudhani kwamba ufa upo tayari, mdogo kiasi cha kuvikwepa vipimo vyake, kisha hupanga ukaguzi mwingine kabla haujafika pa hatari. Naiheshimu dhana hiyo kuliko kiapo chochote cha ubora, kwa sababu inamlinda abiria hata pale fundi asipoona.