Ubao wa Kugusa Umefika, na Fundi Wake Yupo!

Jamani, nimeugusa! Ubao wa kugusa wa inchi 75, aina ile ile inayoingia kwenye madarasa ya vyuo vikuu, ulisimamishwa ukumbini hapa kwetu Siongiroi na fundi wa sauti na picha aliyetaka kuujaribu kabla ya kuupeleka chuoni. Mimi nilikaa mstari wa mbele, na bado moyo unanidunda.

Tuanze na picha. Kioo kina upana wa sentimita 166 hivi na nukta zaidi ya milioni 8. Fundi alifungua mchoro wa jani la chai lililokatwa, nami nikahamia kiti cha mwisho makusudi: hata maandishi madogo ya pembeni yalisomeka! Jua la saa nane lilikuwa linamwagika dirishani bila pazia, na rangi hazikufifia. Kwa aliyesoma mbele ya projekta iliyochoka, hii ni neema.

Halafu kugusa kwenyewe! Fremu hutoa miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho. Chochote kikiikatiza, ubao hujua ni wapi. Basi hakuna haja ya kalamu maalumu. Niliandika kwa kidole, kwa kifuniko cha biki, kwa kijiti kilichookotwa nje, na wino ukanifuata papo hapo. Watatu tuliandika kwa pamoja, na yote yakahifadhiwa tayari kutumiwa wanafunzi kwenye simu.

Lakini kilichonimaliza ni sauti. Milima ya Kericho inajulikana duniani kwa mvua ya mawe: wastani uliorekodiwa ni siku 132 kwa mwaka. Mawe yakipiga mabati, mhadhiri hana budi kunyamaza. Kwa mfumo huu anabana maikrofoni isiyo na waya kwenye kola, na spika zinatundikwa hadi ubavuni mwa walio nyuma. Fundi alinong'ona tu, na ukumbi mzima ukamsikia!

Tumetoka mbali. Mwaka 1997, Chuo Kikuu Pepe cha Afrika kilianza kurusha mihadhara kwa setilaiti, na wanafunzi wakauliza maswali kwa simu. Leo vyuo vimeunganishwa na mtandao wa KENET, ulioanzishwa mwaka 1999, na tangu 2023 tuna Chuo Kikuu Huria cha Kenya kinachofundisha kupitia intaneti. Weka kamera juu ya ubao huu, na kijana wa Siongiroi atahudhuria mhadhara kisha akawahi kukamua ng'ombe jioni.

Sasa sikilizeni, wakuu wa vyuo, kuanzia Kabianga hadi Bomet: msinunue kioo mkamsahau fundi. Huyu wetu alinionyesha vumbi kwenye fremu likiufanya ubao ujiandike wenyewe. Akapitisha kitambaa kikavu, ukatulia. Amefunga UPS kwa sababu stima hupotea bila kuaga. Amebeba kebo ya HDMI ya akiba na betri za maikrofoni zilizojaa chaji, na amebandika nambari yake ya simu kando ya swichi, ili mhadhiri asipoteze nusu saa akihangaika na vitufe.

Hukumu yangu? Ununuliwe, tena upesi! Na kwenye bajeti hiyo hiyo, kabla ya spika za ziada na kabla ya kioo cha pili, uandikwe mshahara wa fundi.