Sahani ya Sojourner Truth

Kuna kazi moja ya sanaa yenye bado inanisumbua kichwa, hata kama nimeiona kwa picha tu: The Dinner Party ya Judy Chicago. Ilionyeshwa mara ya kwanza San Francisco mwaka 1979. Leo iko kwenye jumba la makumbusho la Brooklyn, kule Marekani.

Ni meza kubwa ya pembe tatu. Kila upande una nafasi 13, sawa na Karamu ya Mwisho ya Yesu, lakini wageni wote 39 ni wanawake. Kila mmoja ana sahani yake na kitambaa chenye jina lake. Chini, kwenye vigae vyeupe, kuna majina mengine 999. Sahani nyingi zimefanana na ua ao kipepeo, na wazi kabisa ni umbo la uke. Kuna wenye walisema ni aibu. Mimi hapana. Kuona kushona na kufinyanga, kazi ya bamama, vimewekwa pale juu, kulinifurahisha.

Kinachonikwama ni sahani moja. Kati ya wale 39, Mwamerika mweusi ni Sojourner Truth peke yake. Sahani yake haina lile umbo. Ina nyuso tatu, mmoja unatoka machozi. Ni kweli, hata Ethel Smyth alipewa piano, lakini yeye alikuwa mtunzi wa muziki, ile ni kazi yake. Truth alipewa mateso. Mwandishi Alice Walker alilisema hilo mwaka uleule 1979, na mimi naona alisema kweli.

Juu ya nini wasimpe mwili? Mwaka 1826 huyu mama alitoka utumwani akibeba mtoto wake mchanga. Kisha akaenda mbele ya mahakama kudai mtoto wake mwingine, Peter, na akashinda. Mwili ule ulizaa, ulinyonyesha, ulifanya kazi.

Mimi nimesoma kilimo. Kwenye ripoti nyingi nilizosoma, mama mwenye kushika jembe tangu asubuhi anaandikwa tu "nguvu kazi ya familia". Anahesabiwa, lakini hakuna mwenye kumuuliza anapenda mbegu gani, ao mgongo unamuuma wapi. Naye yuko mezani, bila mwili.

Mwenye anaandaa kazi yake ya mwisho juu ya bamama balimaji, aangalie ile sahani kwanza. Nyinyi munaonaje?