Bibi wa Hadithi Zetu Mbona Haogopi?

Katika hadithi fupi za vijana wenzangu, zile tunazopokezana kijiweni na zile zinazobahatika kuchapwa, kuna bibi mmoja ambaye sasa namfahamu kama jirani yangu. Anaingia ukurasa wa pili. Mtoto mchanga anachemka homa. Bibi anasema hilo ni degedege, apelekwe kwa mganga upesi. Mama mtu, ambaye kasoma, analia. Baba yuko safarini. Ukurasa wa nne mganga anachanja chale, wa tano mtoto anafariki, na ukurasa wa mwisho daktari mwenye koti jeupe anawaambia wanakijiji waache ushirikina. Basi, hadithi imekwisha. Mwandishi anaweka kalamu chini, roho yake kwatu.

Daktari yule simpingi, anachosema ni kweli tupu. Mimi nauliza swali moja tu: huyu bibi, mbona haogopi? Mjukuu anamfia mikononi na yeye anatoa amri kama mwenyekiti wa mtaa. Hatetemeki, hakosei jina la mtu, hasahau chungu jikoni. Katika maisha yangu sijawahi kumwona bibi wa namna hiyo. Nadhani na wewe msomaji hujamwona.

Najua tulikompata. Shuleni tulifundishwa kutafuta ujumbe kwanza, mengine baadaye. Mwalimu anauliza, "Mwandishi anatufunza nini?" na sisi tunanyoosha mikono. Redio nayo imetulea. Mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, ulikuwa na kazi maalumu ya kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI, na watu waliusikiliza sana. Redio ilikuwa na shabaha yake na ilijua inampiga nani. Lakini kijana anayekaa na daftari lake usiku, bila kutumwa na wizara yoyote, kwa nini aandike kama katumwa?

Hebu tumtazame bibi mwenyewe. Mzazi anaogopa kumpoteza mtoto. Bibi anaogopa kumpoteza mjukuu, na wakati huo huo anamtazama binti yake akipita mle mle alimopita yeye. Anaogopa mara mbili. Na ile hofu ya pili, ya kumhofia mama wa mtoto, ndiyo sijaikuta katika hadithi zetu hata moja.

Nitoe mfano wa nyumbani kwetu. Dada yangu alijifungua mtoto wa kiume, na bibi yetu mzaa mama akaja kumwangalia. Arobaini haijatimia, mtoto akashikwa na homa. Sasa kumbuka, mlinzi wa arobaini alikuwa ni bibi huyo huyo. Yeye ndiye aliyekataza dirisha lisibaki wazi magharibi, yeye ndiye aliyewazuia wageni mlangoni. Asubuhi ile kabla hata sijaamka vizuri nikamsikia: "Mfunikeni, tunatoka. Tangu usiku wa manane hajalilia ziwa." Hakuna aliyembishia. Njiani jirani akauliza, "Bibi, mjukuu hajambo?" Akajibu, "Hajambo mwanangu, kachoka tu na joto hili." Alikuwa anatembea haraka kuliko sisi wote.

Tulipofika, tulikaa foleni mpaka jua likapanda. Muuguzi alipomwona bibi akasema kwa sauti, "Nyie wazee ndio mnaotuchelewesheaga watoto." Bibi hakujibu neno. Mtoto akalazwa, mama akaruhusiwa kubaki naye, bibi akalala barazani juu ya khanga. Kulipokucha dada akatoka nje kidogo. Nilidhani bibi ataanza kuuliza habari za mtoto. Akamuuliza, "Umekula?"

Mtoto alipona. Lakini swali lile ndilo linalonifanya niandike makala hii, maana ukiliweka katika hadithi huhitaji kueleza hofu ya bibi hata kwa mstari mmoja. Na tazama pia alichokigundua usiku ule: mtoto hanyonyi. Ukienda zahanati na mtoto mchanga, hilo ni miongoni mwa maswali ya kwanza utakayoulizwa, kwa sababu mtoto asiyeweza kunyonya yumo hatarini. Mtaalamu ana saa yake, anahesabu pumzi. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni dalili ya hatari. Bibi hana saa. Ana usiku mwingi aliokesha. Wote wawili wanatazama kifua kile kile, lakini sisi katika hadithi zetu tunawagombanisha.

Sisemi bibi hakosei. Hapo nisieleweke vibaya, maana wengine wetu wakiacha kumtukana bibi wanaanza kumsujudia, na huyo wa kusujudiwa naye ni wa karatasi vile vile. Bibi wapo waliosimamia watoto wakatwe vimeo. Wapo waliokubali watoto wachanga wang'olewe yale yanayoitwa meno ya plastiki, kumbe ni meno ya kawaida ambayo hayajachomoza, na kidonda kikaingia uchafu. Na wapo wanaoamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Imani hiyo ni ya hatari. Degedege laweza kuletwa na homa kali au malaria iliyopanda kichwani, na mtoto wa namna hiyo anatakiwa hospitali bila kuchelewa.

Lakini mwandishi asiishie kusema "ni imani potofu" akafungua aya nyingine. Aulize imani hiyo imezaliwaje. Mtoto anacheleweshwa nyumbani, anafikishwa akiwa mahututi, anachomwa sindano, anakata roho. Bibi alikuwa amesimama hapo mlangoni. Kilichotangulia ni sindano, kilichofuata ni kifo, na kakiona kwa macho yake mawili. Huwezi kumwambia hakuona. Kazi ya mwandishi ni kutufikisha pale mlangoni na sisi tuone alichokiona, ndipo akili yetu ibishane na macho yake. Hadithi ikifika hapo ina moto wa kutosha. Daktari na hotuba yake anaweza kubaki ofisini.

Kuna na neno jingine ambalo hadithi zetu zinaliogopa: kubemenda. Mtoto akidhoofu, akawa hakui, minong'ono inaanza kwamba wazazi hawakujizuia, wamembemenda. Anayelitamka neno hilo mara nyingi ni mtu mzima wa ukoo. Sasa jiulize, bibi mzaa baba na bibi mzaa mama wakikutana kando ya kitanda cha mtoto mgonjwa, nani analisema na nani analimeza? Hofu ikizidi hutafuta wa kulaumiwa. Hapo pana riwaya nzima, siyo hadithi fupi, na sijamwona kijana aliyeigusa.

Waliotutangulia je? Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapwa 1980, naye akafariki 1981. Ni ile ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na watoto wao, Ntulanalwo na Bulihwali. Wengi wetu tunaikimbia kwa unene wake. Lakini soma majina tu: la mtoto wa kiume lina maana ya kuishi na kifo siku zote, la binti ni swali la lini huzuni itakwisha. Wazazi wanampa mtoto jina huku wanatazama makaburi. Na mwanzoni kabisa, kabla mtoto yeyote hajazaliwa, wazazi wa Bugonoka wanamrudisha binti yao nyumbani kwa sababu ukweni anasimangwa kuwa hazai. Kitereza alielewa kwamba uzao ni mali na hofu ya watu wengi, wazee wakiwamo. Hakuwacheka, hakuwapamba. Aliwaeleza kwa utulivu mpaka unawazoea.

Mwana-Ukerewe mwingine, Euphrase Kezilahabi, katika Kichwamaji (1974) alituletea mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi. Yule ni mtoto wa mawazo. Anabeba maswali mazito ya mwandishi kuhusu wasomi na maisha yao. Kezilahabi alijua anachokitafuta, na mimi kitabu kile kilininyima usingizi. Shida ni sisi tuliomfuata. Tumechukua mtoto mgonjwa awe alama, halafu mawazo tumeyaacha pale pale kitabuni. Matokeo yake mtoto anakufa ukurasa wa tano na hakuna anayemlilia, hata aliyemtunga.

Sasa nini kifanyike? Mimi si mwalimu, cheti changu ni cha kidato cha nne, lakini nasoma na ninaandika, kwa hiyo nitasema.

Kwanza, tumpe bibi utani wake. Katika makabila yetu mengi bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu" na wa kike "mke mwenzangu". Anamtania mtoto ambaye hata shingo haijakaza. Mwandishi akiuonyesha utani huo mapema, hana haja ya kutuambia kwamba hali ni mbaya. Siku bibi atakapomwita mtoto kwa jina lake halisi, msomaji atashtuka mwenyewe.

Pili, tumpe historia. Bibi wa miaka sabini pengine amezika. Hasemi, lakini mjukuu akichemka anakumbuka mwaka na mvua ya mwaka huo. Na hapa tusichezee tarehe. Hadithi ya mwaka 1996 ina klorokwini, chungu mpaka mtoto anaitapika. Tanzania Bara iliiacha dawa hiyo mwaka 2001, na dawa ya mseto ikaanza kutolewa mwishoni mwa 2006. Ukimpa mtoto wa 1996 dawa ya mseto, msomaji aliyelea watoto miaka hiyo atakufunga kitabu, na atakuwa na haki.

Tatu, tumwache anyamaze. Wazee wetu hawasemi "naogopa". Wanasema mtoto kachoka. Wanafagia ua uliokwisha kufagiliwa. Wanauliza kama umekula. Sisi tunawaandikia hotuba ndefu kwa sababu hatuuamini ukimya, tunadhani msomaji hataona. Msomaji ataona, maana na yeye ana bibi.

Nimesema yangu. Anayeona nimewaonea wenzangu aandike, kurasa zipo. Ila asiniletee hoja peke yake. Alete na hadithi, ya kurasa hata tatu, yenye mtoto mgonjwa na bibi anayeogopa kweli. Nitaisoma mara mbili kabla sijafungua mdomo.